Wembe kwenye Wimbo wa Shangazi

Shangazi yangu hakuwahi kuitwa msanii mpaka mwaka ule nilipomharibia kazi yake. Kabla ya hapo alikuwa mwanamke wa mikeka tu, Bi Chane wa mlango wa mwisho koridoni, yule ambaye ndoo zake za kulowekea zilikuwa zinaziba njia na wapangaji wenzake wakizipiga teke wakienda kuoga. Waliokuja kumsifu baadaye, wengi wao ni wale wale wa mateke. Lakini sina haki ya kuwasema. Wao walipiga ndoo. Mimi, damu yake, nilifanya kubwa kuliko hilo, na leo nalisema lote maana nimechoka kulibeba.

Kwa asiyejua, chane ni majani ya mkindu yaliyochanwa membamba. Unayachemsha na rangi, unayaloweka yalainike, kisha unayasuka upate utepe mrefu wa upana wa kiganja, unaitwa ukili. Ukili ukifika urefu unaoutaka, unaushona ukingo kwa ukingo, huo ndio mkeka. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha Shangazi miaka arobaini na ushei. Chumba chake kilikuwa na kitanda, jiko la mafuta, sanduku la bati, na msumari mkubwa ukutani wa kutundikia ukili. Alikaa chini, miguu ameinyoosha, mgongo kwenye ubavu wa kitanda, na pale alipokaa saruji ilikuwa imeng'aa kuliko kwingine kote.

Mume wa kwanza alimzika. Wa pili aliaga kwamba anakwenda kununua betri za tochi. "Mpaka leo," Shangazi alikuwa akisema, "nadhani kiwanda bado kinazitengeneza." Alijaliwa mtoto mmoja, akaondoka na surua kabla hajatimiza miaka mitatu, na hilo hakulifanyia mzaha hata siku moja. Mama yangu alipofariki, baba alinipeleka kwake nikiwa na miaka tisa. Shangazi alimwambia baba, "Kaka, umeniletea mtoto au umeniletea mdomo? Huyu amenisalimia maneno mia."

Alijaribu kunifundisha. Nilijikata vidole, nikalia, nikatupa chane, nikaokota, nikatupa tena. Mwisho akaninyang'anya. "Wacha, Bibi Redio, wacha. Si kila mkono una kazi. Wewe kasikilize redio yako." Jina hilo alinipa kwa sababu kutwa nilikuwa nimeganda dirishani kwa jirani nikisikiliza matangazo. Masikio yangu yalikuwa makali. Niliweza kusema nani anapita koridoni kwa mlio wa ndala zake. Kumbe kusikia na kuelewa ni ndugu wasioonana.

Kati ya nakshi zote alizozijua, moja tu ndiyo iliyokuwa na wimbo. Nyingine alikufundisha kwa macho, tazama nawe ufanye. Lakini hii iliitwa Visima Saba, na ndani yake mna maumbo saba kama jicho, kila moja na ukubwa wake na namna yake ya kujifunga, hakuna linalofanana na mwenzake. Macho yalikuwa hayaiwezi. Kwa hiyo iliimbwa. Binti kaolewa mbali, kaachika, anarudi kwa mama yake kwa miguu, na kila kisima anachopita kina sababu ya kumnyima maji. Cha kwanza maji yake mazito. Cha pili kamba yake fupi. Cha tatu kina mwenyewe. Kila akinyimwa anaita, "Mama, nakuja." Pengine anaita mara tatu, pengine mara tano, pengine moja tu. Kisha anavuma kwa pua, kisha anakaa kimya, kisha anaanza tena.

Mimi wimbo huo niliuchukia. Nilikuwa nafanya hesabu za shule juu ya sanduku la bati, na yeye pale chini, Mama nakuja, Mama nakuja, mmmm, kimya, Mama nakuja. Nikaziba masikio kwa pamba. Yeye akacheka. "Ziba tu. Ukija kuutaka utalipa nauli." Alikuwa ameupata kwa bibi yake, na wenzake wote waliojifunza naye walikuwa wamekwisha kufa. Hayo niliyajua. Niliyajua kama unavyojua kwamba bati la choo linavuja, unasema tu ipo siku litatengenezwa.

Nilipoolewa alinipa mkeka wa Visima Saba. Aliusuka mwaka na nusu. Mimi nikautandika barazani, mvua ikaunyea, ukaota ukungu, mume wangu akaufunikia matofali ya kumalizia ukuta. Siku Shangazi alipokuja kututembelea akauona pale uani, juu ya matofali. Niliona haya mpaka nikakosa pa kutazama. Akaushika ukingo, akaukunja kidogo, akauacha. "Angalau matofali hayalowi," akasema, akaomba chai.

Kazi yangu ilikuwa redioni. Siyo kusema; kukata. Siku hizo sauti ilikuwa kwenye mkanda, na mkanda ulikatwa kwa wembe, vipande vikaungwa kwa gundi ya karatasi. Nilisifiwa kwa wembe wangu. Niliweza kumtoa waziri kikohozi katikati ya neno, na waziri mwenyewe akisikiliza asijue kikohozi chake kimekwenda wapi. Kigugumizi, pumzi, mtu kusahau na kurudia, vyote nilivitoa. Sakafuni vipande vilijaa kama maganda, na jioni mfagiaji alivizoa. Nilijiona fundi. Tena sana.

Ndipo mkuu wa vipindi akaja na kipindi kipya cha kuhifadhi nyimbo za zamani. Alikipa jina Mwacha Mila ni Mtumwa, dakika nne kila asubuhi kabla ya habari za saa mbili. "Nataka kazi za asili," akatuambia kikaoni, "lakini zinyooke. Msikilizaji hana subira." Nikanyoosha mkono mimi, mtu wa kwanza. Nikasema nina shangazi.

Shangazi alikuja na kanga yake mpya na kikapu cha chane mbichi. Akavua viatu mlangoni mwa studio, ingawa tulimwambia asivue. Akaketi chini, akakataa kiti. Alipoanza kusuka, kipaza sauti kikajaa mchakacho wa majani, na mkuu wa vipindi akagonga kioo kwamba hapana, aweke chini.

"Sasa nitaimbaje?" Shangazi akaniuliza.

"Imba tu, Shangazi. Kama unavyoimba."

"Ninavyoimba ni hivi." Akaonyesha mikono.

Tukavutana, mwisho nikamwambia asuke hewa. Akaona aibu yangu mbele ya mabosi wangu, akanionea huruma. Akasuka hewa. Dakika arobaini na moja mikono yake ilikwenda na kurudi haijashika kitu, na wimbo wote ukaingia kwenye mkanda, visima vyote saba, kuvuma kwake, kunyamaza kwake, kila kitu. Mkanda huo ulikuwa mmoja. Mikanda mipya ilikuwa adimu siku hizo, hatukuwa tunanakili kitu kabla ya kukikata.

Nikaukata. Jamani, niliukata kwa raha! Pale alipoita "Mama, nakuja" mara tano nikaacha mara mbili. Pale alipoita mara moja nikaunga nyingine, zikawa mbili, ili zilingane na za mwanzo. Nilidhani ni uzee, nilidhani anasahau amefika wapi. Kuvuma kote nikatoa. Ukimya nikautoa kabisa, maana redio ikinyamaza watu hudhani imeharibika. Sikutoa neno hata moja la hadithi, hilo nilijisifia. Dakika nne kamili, nyororo, na mkuu wa vipindi aliposikiliza akanipiga begani, akasema, "Hapa umehifadhi kitu." Nikalala na furaha.

Wimbo ulipopigwa mara ya kwanza nilikuwa chumbani kwa Shangazi, nimemletea redio mpya kabisa. Koridoni watu wamejaa. Yeye akasikiliza mikono imetulia mapajani. Ukaisha. Wapangaji wenzake wakapiga vigelegele. Yeye akaniuliza polepole, "Na vingine mmeviweka wapi?"

"Vingine vipi, Shangazi? Maneno yote yamo."

"Maneno ndiyo. Na vingine?"

Nikacheka. Nikamweleza habari za msikilizaji na subira yake. Akatikisa kichwa kama mtu anayeelezwa bei. "Haya. Mashine ni yenu. Lakini vile vipande mlivyotoa si mnavyo?"

Vilikuwa vimezolewa wiki mbili nyuma. Nilimwona mfagiaji kwa macho yangu. "Tunavyo," nikasema. "Vipo salama."

"Basi," akasema. "Mradi vipo."

Ni kwa nini hakunieleza? Nimejiuliza hilo mpaka kichwa kikauma. Nadhani kwake halikuwa jambo la kuelezwa. Ni kama umwambie mtu mzima kwamba mlango una bawaba. Nani asiyejua?

Nasema hivi kwa sababu kuna aliyejua. Kulikuwa na fundi cherehani mlango wa pili, mama wa makamo, mkimya, mwenye tepu ya kupimia shingoni hata siku ya mapumziko. Yeye alikuwa ameanza kujifunza kwa Shangazi jioni akifunga kazi. Mwanafunzi pekee. Kanuni ya Shangazi ilikuwa moja: mwalimu akisema fumua, unafumua, hata kama umesuka mwezi mzima, na huulizi. Fundi alifumua mara nyingi mpaka wapangaji wakamcheka kwamba anasoma kufumua. Lakini kwa miezi minane alikuwa amefunga kisima cha kwanza, cha pili na cha tatu, vikiwa vimening'inia pale msumarini, vyekundu na vyeusi. Asubuhi waliyopanga kuanza cha nne, Fundi alibisha, hakujibiwa. Alimkuta Shangazi ameanguka kati ya kitanda na jiko.

Kiharusi. Kilichukua mkono wa kulia, mguu, na ulimi. Wiki tano za hospitali zilimrudishia neno moja tu, "hapo". Akitaka maji, hapo. Akitaka kugeuzwa, hapo. Tukamrudisha chumbani kwake, mimi na Fundi tukipokezana kumhudumia.

Na redio ikawa inaupiga wimbo. Kufikia hapo ulikuwa umependwa kuliko tulivyotarajia. Uliwekwa asubuhi, ukaongezwa mchana, kikundi cha ngoma kikaucheza jukwaani kwa sare za kitenge, watoto wa shule wakauimba kwenye mstari. Kila wimbo ulipoanza, Shangazi alipiga godoro kwa mkono wa kushoto. Pa, pa, pa. "Hapo! Hapo!" Jasho linamtoka. Nikawa nawaambia wageni, "Mwoneni anavyofurahi! Anacheza wimbo wake." Wageni wakafuta machozi.

Fundi ndiye aliyenitoa ujinga. Jumamosi moja alikaa na ule ukili mapajani wimbo ukipigwa, akamtazama Shangazi, akatazama vidole vyake mwenyewe. Ulipoisha akazima redio bila kuniomba ruhusa.

"Dada, huyu hafurahi. Anakimbizwa."

"Anakimbizwa na nini?"

"Na wimbo. Tazama." Akanionyesha kisima cha kwanza, chane kwa chane. Akiita Mama nakuja mara tatu, unainua tatu. Mara tano, unainua tano. Akivuma, unalaza. Akinyamaza, unageuza ukingo, na urefu wa kimya ndio upana wa kugeuza. "Mimi hapa napiga tatu, redio imeshapita. Yeye mkono wake bado uko kwenye hesabu, wimbo unamwacha. Huu wenu hausukiki, dada. Nilidhani mmefanya makusudi, kwamba mzima mmeuweka."

Nikakaa juu ya ndoo. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limekufa tangu siku ya pamba. Nikamwambia yote. Mkanda ulikuwa mmoja, nimeukata mwenyewe, vipande vimezolewa, na Shangazi nimemwambia vipo. Nilisema kwa sauti ya chini, lakini chumba ni kimoja. Nilipogeuka, Shangazi alikuwa ananitazama. Sijui alielewa kiasi gani. Namwomba Mungu awe hakuelewa kitu.

Fundi hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Basi kilichobaki ni mkono wa kushoto."

Tukaanza. Kila Jumamosi mchana nilikuja na mashine ya mkanda kutoka kazini na nakala ya ule wimbo uliokatwa. Napiga mstari mmoja, nasimamisha. Shangazi anapiga godoro hesabu yake ya kweli, analaza kiganja pa kuvuma, anakiinua pa kimya. Mimi naitaja kwa sauti, Fundi anainua na kulaza. Akikosea, Shangazi anasaga meno, Fundi anafumua. Kisima cha nne kilitutoa roho wiki saba. Ni kile chenye chura anayemwambia binti anywe kisha akae hapo milele. Wiki ya saba, chane za mwisho zikakutana katikati, jicho likajifunga, jekundu ndani ya jeusi, limekaa sawasawa kama limechorwa. Fundi akapiga kelele kama msichana. Shangazi akalipapasa kwa kidole, akacheka kwa upande mmoja wa uso, na mimi nikatoka koridoni nikalia nimeegemea ukuta. Nilijua Mungu amenisamehe. Bado vitatu tu, nikasema. Vitatu ni nini?

Kumbe siku zilizobaki za wiki zilikuwa zinafanya kazi yao.

Sisi tulikuwa naye mchana mmoja. Siku nyingine sita alikuwa na redio. Majirani wale, kwa mapenzi sasa, kwa mapenzi kabisa, wimbo ukianza walifungulia redio zao mpaka mwisho na kuacha milango wazi. "Bi mkubwa, wimbo wako huo!" Asubuhi, mchana, mara nyingine jioni. Niliwaomba wapunguze. Wakaniona nina roho mbaya. Mmoja akanijibu, "Wewe ndiye uliyeuleta, leo unamnyima mwenyewe?" Nikaenda kwa mkuu wa vipindi, nikamwomba ausimamishe japo miezi mitatu. Nikamweleza habari za hesabu na visima. Alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akanionyesha gunia la barua za wasikilizaji.

"Unataka tuzime urithi wa shangazi yako mwenyewe?"

"Nataka wake usipotee, mzee. Huo mnaoupiga ni wangu."

"Wako au wake, watu wanaupenda. Nenda nyumbani ukapumzike."

Kisima cha tano hakikufunga. Jumamosi ya kwanza alipiga nne, sita, moja. Ya pili, kwa mstari ule ule, nne, mbili, moja. Fundi akafumua. Ya tatu, mbili, mbili, moja. Tukasema amechoka, ni joto, tumpe mwezi. Tukampa mwezi. Tuliporudi mkono wake ulikuwa mwepesi, hautoi jasho, unapiga mbili, mbili, mbili, kila mstari, umetulia, na uso wake una amani ambayo sikuwa nimeiona tangu aanguke. Fundi alisuka kama alivyopigiwa. Ukatoka mstari wa mshazari tu, hauzunguki, haufungi, unakwenda.

Nikapata wazo, na laiti nisingelipata. Nikarudisha mkanda mwanzo, kisima cha kwanza, kile tunachokijua kwa hakika: tatu, kuvuma, tano. Nikapiga mstari, nikasimamisha. Shangazi akapiga mbili. Nikamtazama Fundi. Nikarudia. Mbili. Haikuwa kusahau, mtu anayesahau hutafuta, hukunja uso. Yeye hakutafuta. Alikuwa anaujua wimbo vizuri sana, kila mahali pake, kwa dakika nne kamili. Alikuwa anaujua wangu.

"Mpe ukili," nikasema. "Avishike visima. Vidole vitakumbuka."

Fundi akautoa msumarini, akaulaza juu ya tumbo lake, kisima cha kwanza chini ya kidole. Shangazi akapapasa. Akapapasa tena, midomo ikienda na hesabu ya redio. Ndipo akakunja uso. Akapandisha kidole kisima cha pili, cha tatu, cha nne, na kila kimoja kilimchukiza zaidi. Akamtazama Fundi kwa yale macho ya mwalimu. Akagonga kisima cha kwanza kwa ukucha. "Hapo," akasema. Akashika ncha ya chane, akaivuta.

Alikuwa anasema fumua.

Ukili haufumuki mwanzo. Unafumuka ulipoishia. Ili ukifikie kisima cha kwanza lazima uvunje cha nne, cha tatu, cha pili. Nikamwambia Fundi, "Usithubutu. Usuke mwingine pembeni, mshazari hivyo hivyo, tumpe huo. Huu tufiche."

Shangazi alikuwa ameanza kulia, analia kama mtoto aliyeibiwa, anaivuta chane kwa mkono mmoja na meno. "Hapo. Hapo. Hapo."

"Nimfiche?" Fundi akasema. "Umeshamdanganya mara moja, dada. Inatosha."

"Mikono yako si inavijua vile vitatu? Utavisuka tena, si ndiyo? Sema utavisuka."

"Ilivijua akiniimbia." Akaketi kwenye ile saruji iliyong'aa, akaegemeza mgongo kwenye kitanda. "Sasa hivi kichwani mwangu nasikia redio, sawa na yeye."

Ningeweza kuunyakua. Nilikuwa mzima, nina mikono miwili, mlango uko wazi nyuma yangu. Lakini nilimwona Shangazi anavyomtazama mwanafunzi wake, kwamba kazi imeharibika na kuna mtu wa kuitengeneza, nikashindwa. Sikujua namna ya kumwambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi zamani na sasa amekosea, na kwamba aliyemkosesha ni mimi. Kwa lugha gani? Kwa neno hapo?

Fundi akafumua. Hakuharakisha, kila chane aliinyoosha kwa kiganja, akailaza kando, nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi, kama alivyofundishwa. Cha nne kilichotuchukua wiki saba kiliondoka kabla chai haijapoa. Cha tatu. Cha pili. Alipofika cha kwanza alisita, akamtazama, na Shangazi akaitikia kwa kichwa. Halafu nikawasha mkanda, maana nani mwingine angeuwasha, na Fundi akasuka kwa wimbo wa redio, mbili, mbili, mbili, hadi ukapatikana urefu wa mkono mmoja wa ukili uliokwenda mshazari, hauna kitu.

Shangazi akaupokea, akaupapasa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Safari hii hakukuta kosa. Akamshika Fundi shavu kwa mkono wa kushoto, kwa kumpongeza, akauvuta ukili chini ya shuka karibu na kifua chake, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke akalala usingizi wa mchana mpaka tukaanza kukusanya vyombo.